Askari Wasiokuwapo wa Bonde la Mbaazi

Si zamani sana, wala si mbali sana, palikuwa na nchi iliyoitwa Jamhuri ya Tulizana. Ilikuwa nchi yenye amani nyingi mno. Amani ilikuwa nyingi kiasi kwamba ilibidi ilindwe kwa vifaru, na kila mahali ilipozidi kuwa nyingi, Serikali ilipeleka kikosi kwenda kuishika isikimbie.

Katiba ya Tulizana ilikuwa nzuri. Iliandikwa na watu waliowahi kuamshwa kitandani na mabuti, nao wakaweka ndani yake sentensi moja fupi: jeshi halitakaa mahali popote ndani ya nchi bila ridhaa ya Bunge, na ridhaa hiyo itaombwa upya kila mkutano wa Bunge unapofunguliwa. Ikikosekana, askari warudi kambini. Basi. Hata mtoto wa shule angeielewa, na ndiyo maana iliwasumbua sana wanasheria wa Serikali.

Mheshimiwa Perusi Mkalawa, mbunge wa Bonde la Mbaazi, aliihifadhi sentensi hiyo kichwani kama alivyohifadhi zaburi. Alikuwa mama wa makamo, mjane, mwimbaji wa kwaya, na mwoga. Uoga wake hakuuficha. Akisimama bungeni kuuliza swali la visima, magoti yalimgongana mpaka mbunge wa mbele akageuka kuona nani anapiga mlango. Watu wa bondeni walimchagua hivyo hivyo. Walisema wamechoka na wabunge mashujaa, kwa sababu mashujaa wote waliowatuma walipofika makao makuu walinunua magari na kusahau njia ya kurudi.

Siku moja rubani wa Serikali alipita juu ya Bonde la Mbaazi, akachungulia chini, akaona mashamba yamepandwa kwa mistari iliyonyooka. Akaripoti kwamba ardhi yenyewe inafanya gwaride bila amri. Kesho yake kikosi kikatumwa.

Hapo mwanzo Bunge lilijadili. Lilikuwa kosa, lakini lilijadili.

"Mheshimiwa Spika," akauliza mbunge mmoja, "askari waliopelekwa ni wangapi?"

"Hiyo ni siri ya nchi," akajibu Waziri wa Ulinzi na Utulivu, Mheshimiwa Mshindo, mtu aliyejaza nishani kifuani mpaka akawa analia njuga anapopumua.

"Watakaa hadi lini?"

"Siri."

"Basi tuambiwe adui ni nani."

"Mheshimiwa Spika, hiyo ni siri kubwa kuliko zote. Hata adui mwenyewe bado hajaambiwa."

Meza zikagongwa kwa furaha. Lakini Waziri hakupenda kuulizwa. Alisema maswali yanawakatisha tamaa vijana walioko kazini, na kwamba askari aliyejadiliwa hafyatui risasi sawasawa. Kamati ya Kanuni ikakaa, ikafikiri, ikatoka na uamuzi wa busara: kuanzia sasa ridhaa ya Bunge haitaombwa kwa hoja. Itawekwa ndani ya Dua ya kufungulia mkutano, ile inayosomwa na Spika wabunge wakiwa wameinamisha vichwa. Dua haina mjadala. Hakuna anayesimama katikati ya Dua kuomba mwongozo wa Spika. Mwisho wabunge wote hujibu "Amina," na Amina hiyo ndiyo kura.

Asiyejibu Amina alihesabiwa kuwa hamwamini Mungu, na mtu asiyemwamini Mungu hakustahili posho ya kikao. Wote waliamini.

Ili mtu asije akasema Bunge limeacha kazi yake, ikaundwa pia Kamati ya Kudumu ya Kusimamia Majeshi Nyumbani. Wajumbe walipelekwa semina kujifunza maana ya kusimamia. Mwezeshaji aliyeletwa na Wizara aliwaeleza kwamba neno hilo limetoka kwenye kusimama. Tangu siku hiyo, magari ya jeshi yalipopita, Kamati ilijipanga kando ya barabara, ikanyoosha mikono ubavuni na kusimama. Yakishapita, ikakaa. Taarifa yake ya mwaka ilisema imesimamia majeshi kwa ufanisi mkubwa, ukiacha mjumbe mmoja mwenye matatizo ya goti.

Mjumbe wa goti alikuwa Mheshimiwa Kalokola, mzee aliyekaa kiti kimoja kutoka kwa Perusi. Alikuwa bungeni miaka mingi hata akajifunza kulala macho wazi. Koo lake lilifanya kazi peke yake. Mtu akitamka "naomba kutoa hoja" popote, Kalokola alijibu "Naafiki!" kabla hajaamka. Mkewe alishawahi kumwuza ng'ombe wao mzuri kwa njia hiyo.

*

Kosa la Sefania lilitokea kwenye harusi.

Sefania alikuwa mdogo wake Perusi, kitindamimba wa mama yao. Siku za kazi alitengeneza baiskeli, siku za harusi alipiga tarumbeta katika bendi ya kanisa. Bibi harusi alipotoka, Sefania akavuta pumzi, akapuliza kwa nguvu zote alizopewa na Muumba. Kule kilimani walikopiga kambi, askari walisikia. Nusu yao wakajipanga mstari, na nusu wakaruka handakini. Kapteni wao, mtu aitwaye Ndelwa, aliyekuwa anaoga, akatoka mbio na bastola na povu. Alipojua kwamba kikosi kizima kimeamrishwa na fundi baiskeli, aliona aibu, na aibu ya mtu mwenye silaha ni kitu kibaya. Sefania akakamatwa kwa kosa la kuamrisha jeshi bila cheo. Akawekwa katika darasa la shule ya msingi pamoja na watu wengine wenye makosa ya namna hiyo: mzee aliyekohoa wakati wa ukaguzi, mama aliyeita mbuzi wake jina linalofanana na la jenerali.

Perusi aliuliza Wizarani. Akaambiwa ni siri. Aliuliza kama mdogo wake ni mzima. Akaambiwa hiyo nayo ni siri, ila asali sana.

Ushauri huo aliufuata. Alisali jikoni, alisali kwenye foleni ya benki, alisali ndani ya lifti ya Bunge mpaka wenzake wakashuka na kupanda ngazi. Lakini mkutano mpya wa Bunge ulikuwa unakaribia. Alijua Dua itafika penye askari wa Bonde la Mbaazi. Akijibu Amina, atakuwa amemwomba Mungu kwa kinywa chake amwongezee Sefania kifungo. Asipojibu, watu wa usalama waliokaa kwenye roshani na darubini watamwona midomo imefungwa. Na wenye midomo iliyofungwa huko Tulizana walifunguliwa.

Siku ikafika. Spika Tumsifu, mrefu, mwenye joho linaloburuzika, akapanda kiti chake. Wabunge wakasimama, wakainamisha vichwa.

"Ee Mwenyezi," akaanza Spika kwa sauti ya mafuta, "uliyeumba mbingu, ardhi na mipaka iliyopimwa. Mbariki Rais wetu, uzidishe siku zake kama ulivyozidisha vipindi vyake..."

Perusi alifumba macho. Hakutaka kusikia. Akaanza dua yake mwenyewe, ndogo, ya ndani kabisa. Bwana, wewe unajua alipo, mimi siruhusiwi kujua. Usimwache peke yake mle ndani. Mama amezeeka, hana meno ya kutafunia msiba mwingine. Kama nilikosea kuomba ubunge, niadhibu mimi, yule kijana umwachie pumzi yake. Kwa jina la Mwanao.

"...mjalie Waziri Mshindo usingizi mwororo," Spika aliendelea, "na sasa tunakusihi, uwape askari wetu..."

"Amina," akasema Perusi.

Hakukusudia. Dua yake ilikuwa imekwisha, na mtu aliyelelewa vizuri akimaliza dua husema Amina. Tatizo ni kwamba alikuwa mwimbaji, na sauti yake ilikuwa imefundishwa kufika viti vya nyuma.

"AMINA!" likajibu Bunge zima, wengine wakiamka kwa kishindo cha sauti zao. Wakakaa. Viti vikalia. Katibu wa Bunge, kwa mazoea, akagonga kengele yake ya kufunga Dua, *ting*, kisha akaitazama ile kengele kama mtu aliyeshika nyoka.

Spika Tumsifu alibaki amesimama peke yake, mdomo wazi, neno "askari" likiwa bado juu ya ulimi.

Kulikuwa na kanuni, tena ya zamani. Ilitungwa kwa sababu ya Spika mmoja ambaye kila alipofunga Dua alikumbuka mtoto mwingine wa kumwombea kazi serikalini. Kanuni ilisema: Amina ikishatamkwa na Bunge na kengele kugongwa, Dua imefungwa, na haifunguliwi tena hadi mkutano ujao.

Bunge lote likageuza shingo kumtazama Perusi. Magoti yake yakaanza kupiga mlango.

"Mheshimiwa," Kalokola akamnong'oneza, macho yakiwa yamemtoka kweli leo, "mama yangu, umefanya nini?"

"Nilikuwa nasali."

"Bungeni?" akauliza mzee kwa mshangao wa kweli.

*

Walimwita ofisini kwa Spika. Walimpa chai, na hilo lilimtisha zaidi, kwa sababu chai ilikuwa na maziwa. Waziri Mshindo alizunguka chumba, nishani zikilia njuga.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Mheshimiwa Waziri. Nilikuwa nazungumza na Mungu."

"Kuhusu nini?"

"Mambo ya nyumbani."

"Mambo yako ya nyumbani," Waziri alisema taratibu, "yamekivua kikosi kizima uhalali. Unajua hali tuliyo nayo? Tukiwaacha pale, tumevunja Katiba. Tukiwarudisha, watu watasema jeshi limefukuzwa na mwanakwaya."

Spika Tumsifu, aliyekuwa amelala kitini na kitambaa cha maji kwenye paji la uso, akainua kidole. "Kuna njia ya tatu. Wabaki, ila wasiwepo."

Waziri akatabasamu polepole, na Perusi akatamani asingetabasamu.

"Naam!" akasema Waziri. "Bila ridhaa, askari hawawezi kuwapo. Sisi ni nchi ya sheria. Kwa hiyo hawapo. Kuanzia dakika hii Bonde la Mbaazi halina askari hata mmoja, na yeyote atakayemwona, amemwona kinyume cha Katiba."

"Lakini lazima ithibitishwe," Spika akasema. "Kuna ile Kamati."

"Atathibitisha yeye." Kidole cha Waziri kilikuwa kinene. "Mheshimiwa Perusi atakwenda kwao na Kamati. Atasimama mbele ya kamera ya televisheni ya taifa, mubashara, nchi nzima ikitazama, na kusema maneno haya: Nimefika, nimetazama, hakuna mtu. Rudia."

"Nimefika," Perusi alisema, "nimetazama, hakuna mtu."

"Safi. Hata nyumbani fanya mazoezi."

Alipofika mlangoni alikusanya ujasiri kidogo uliokuwa umebaki. "Mheshimiwa Waziri, na mdogo wangu? Ameshikiliwa shuleni."

"Ameshikiliwa na nani?"

"Na askari."

"Askari gani?" Waziri aliuliza kwa upole, kama mtu anayemwuliza mtoto jina lake. "Hebu nieleweshe, Mheshimiwa. Askari gani?"

Perusi alikuwa ameelewa. Kama wanaoshika hawapo, basi hata walioshikwa hawapo. Na mtu ambaye hayupo akitoweka, nani atauliza?

*

Kamati iliondoka makao makuu kwa gari moja, kwa sababu wajumbe wengine wote waliugua ghafla. Walikuwa Perusi, Mheshimiwa Kalokola, ambaye hakusikia kwamba kuna ruhusa ya kuugua, na mpiga picha wa televisheni ya taifa aitwaye Chande, baba mmoja mnene, mpole, mwenye kazi ngumu ya kupiga picha za utupu.

"Nimeagizwa nikiona kofia ya chuma nielekeze lenzi angani," aliwaambia njiani. "Leo watu watatazama mawingu mengi."

Penye kizuizi cha kwanza gogo lilikuwa limelazwa katikati ya barabara. Pembeni walisimama askari walioagizwa wasiwepo, na kila mmoja alikuwa ametekeleza amri kwa akili yake. Mmoja alishika tawi la mbaazi mbele ya uso. Mwingine aligeukia mti, kama mtoto anayehesabu wenzake wakijificha. Watatu walisimama tu wamefumba macho, wakiamini inatosha. Gari lilipopiga honi, yule wa tawi alijisahau akapiga saluti, kisha akakumbuka, akarudisha tawi.

Kalokola alicheka. Perusi angecheka pia, kama asingeona kwamba mitutu ya bunduki ilikuwa ikiligeukia gari taratibu kadiri lilivyopita, yote kwa pamoja, kama vichwa vya alizeti.

Bondeni watu walikuwa wamekwishaelekezwa. Mama mwenye ndoo kichwani alimpita askari njiani kama anavyopita nguzo. Watoto hawakutazama kushoto wala kulia. Hakuna aliyewasalimia wageni, maana kusalimia kunataka kuinua macho, na macho yaliyoinuliwa yangeweza kuona.

Mama yake Perusi alikuwa jikoni, anasonga ugali wa watu wengi.

"Karibu, mwanangu. Niko peke yangu hapa," alisema kwa sauti kubwa. Kisha akashusha sauti. "Wapo wawili sebuleni ambao hawapo. Lo, wanakula!"

"Mama, Sefania?"

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Walikuwa wanampigisha tarumbeta kila asubuhi kuwaamsha, maana mpiga tarumbeta wao alihamishwa. Nikisikia, najua mwanangu yu hai, naosha uso, naendelea na siku. Tangu juzi sisikii kitu." Alifuta mikono kwenye kanga, akaifuta tena ingawa ilikuwa mikavu. "Yule kapteni alipita. Ananiambia, bibi, ninyi mna bahati. Binti yako akishasema maneno yake, kesho darasa litakuwa tupu kabisa. Litafagiliwa. Mwanangu, alikuwa na maana gani?"

Perusi alijua maana yake. Alitoka nje, akashikilia ukuta wa choo. Akabaki hapo ameinama. Bwana, alisema, mimi si mtu wa kazi hii. Uliniona tangu tumboni kwamba sina moyo huo. Tuma mwingine.

Alisubiri. Hakuja mwingine. Alikuja Kalokola anachechemea, kumwambia kwamba Chande ameshaunganisha mitambo na makao makuu yanauliza kwa nini yanaona mawingu tu.

*

Uwanja wa shule ulikuwa umefagiliwa. Askari walijipanga kuuzunguka, mgongo ukutani, wametulia kama magunia. Kapteni Ndelwa, mwembamba, amenyolewa vizuri, alisimama karibu na mlingoti wa bendera ambako kamera haitamwona. Alimwonyesha Perusi mahali pa kusimama, kwa kidevu.

Taa ndogo nyekundu ikawaka juu ya kamera. Nchi nzima ikawa inatazama.

"Mimi, Perusi Mkalawa," alianza, na sauti ikapasuka. Akaanza tena. "Mimi na Kamati yangu. Nimefika. Nimetazama. Hakuna mtu."

Kapteni akafumba macho kwa kuridhika. Kazi ilikuwa imekwisha. Chande alianza kuinua mkono kuizima taa.

"Bado," akasema Perusi.

Hakujua kama angeendelea mpaka alipojisikia anaendelea. Magoti yaligongana, meno nayo, na maneno yalitoka yakitetemeka, lakini yalitoka. "Ndugu wananchi, Serikali imesema hapa hakuna askari, nami nimethibitisha. Lakini Kamati haiwezi kuthibitisha ya nje tu. Kwa hiyo naomba kutoa hoja kwamba Kamati iingie madarasani, ikaone utupu huo kwa ndani."

"Naafiki!" likasema koo la Kalokola.

Mzee mwenyewe aliamka baada ya koo, akatazama mitutu yote ile, akaelewa alichokiafiki. Akakohoa. "Naam," alisema kwa sauti nyembamba. "Imeungwa mkono. Kikanuni hiyo imepita."

Perusi alianza kutembea. Chande alimfuata na kamera begani, na jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye kola. Kapteni Ndelwa alitembea sambamba nao, nje ya picha, akisema bila kufungua midomo.

"Mama, rudi nyuma. Rudi, mama. Nakuonya."

"Upepo una sauti kweli huku bondeni," Perusi aliwaambia wananchi.

Mbele ya mlango wa darasa alisimama askari mkubwa, bunduki kifuani. Perusi alifika mpaka akaisikia harufu ya mafuta ya bunduki. Sasa ndipo alipoona jinsi alivyokosea hesabu. Mtu asiyekuwapo huwezi kumwomba apishe. Akamtazama usoni, akaona kijasho juu ya mdomo wake, na kope zinazopepesa, na akatambua kwa mshangao kwamba yule naye anaogopa. Aliogopa kupisha, aliogopa kutopisha, aliogopa ile taa nyekundu.

"Mlangoni hakuna mtu," Perusi alisema kwa sauti ya wazi, macho ndani ya macho yake. "Narudia, ndugu wananchi. Hapa mlangoni hakuna mtu wa kunizuia."

Askari alimtazama kapteni. Kapteni hakuweza kutoa amri, kwa sababu amri ingesikika nchi nzima, hadi sebuleni kwa Rais. Askari akavuta pumzi. Kisha akasogea, polepole, ubavu kwa ubavu, kama pazia.

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya watu. Waliketi sakafuni chini ya ubao ulioandikwa jedwali la kuzidisha. Ilibidi awatafute mmoja mmoja mpaka akamwona. Midomo ya Sefania ilikuwa imevimba na kupasuka, kama mtu aliyebusu moto. Ndiyo maana tarumbeta ilinyamaza.

"Dada," alisema kwa shida. "Wapo nje?"

"Hawapo. Serikali imesema. Simama."

"Dada, nawaona dirishani."

"Usiwaone, Sefania. Nakuomba. Ninyi nyote, simameni, msiwaone. Tunatoka."

Wakatoka. Yule mzee wa kikohozi alitoka ameziba mdomo kwa viganja viwili. Mama wa mbuzi alimshika mkono. Walikuwa wengi kuliko alivyodhani, na waliposimama uwanjani kwenye jua walipepesa macho, hawakujua waangalie wapi, mwisho kila mmoja akaangalia mgongo wa mwenzake. Uwanja ulikuwa mpana. Barabara ilikuwa mbali, na Perusi hakukumbuka kwamba alipokuwa mwanafunzi hapa palikuwa mbali hivi.

Nyuma yao bunduki ilikokiwa. Halafu nyingine. Halafu nyingi.

"Mvua hiyo," akasema Kalokola, akichechemea, uso wake ukiwa na rangi ya majivu. "Radi za mbali."

"Tembeeni tu," Perusi alisema. "Msikimbie. Anayekimbia anakimbia kitu."

Chande alitembea kinyumenyume mwisho wa msafara, mgongoni kwa Perusi, lenzi ikimtazama kapteni na askari waliobaki nyuma, na kwa mara ya kwanza siku hiyo haikutazama mawingu. Walivuka nusu ya uwanja. Mama wa mbuzi alianza kulia bila sauti. Perusi alitaka kusali, lakini kila sala aliyoijua ilikuwa imemtoka kichwani, akabaki anasema moyoni Bwana, Bwana, Bwana, kwa kila hatua, kama mtu anayepiga hodi.

"Mheshimiwa," Chande alinong'ona, karibu kabisa na sikio lake.

"Nini?"

"Betri. Imekwisha."

Perusi hakugeuka. "Tangu lini?"

"Tangu tulipotoka mlangoni."

Kwa hiyo hapakuwa na nchi inayotazama. Hapakuwa na sebule ya Rais. Palikuwa na uwanja tu, na jua, na watu wanaotembea, na nyuma yao watu wenye bunduki ambao hawakuwa wamekaribia vya kutosha kuona kwamba kile kitaa kidogo chekundu kimezimika.

"Chande," alisema, akiushika mkono wa Sefania kwa nguvu mpaka vidole vikamuuma, "usiishushe."

"Sishushi, mama," alijibu Chande, na akakaza jicho kwenye kioo chenye giza, akaendelea kuwapiga picha.